Laptopu Kukaa Kwenye Stima Siku Nzima: Je, Betri Inaumia?

Wakazi wengi wa kisiwani siku hizi hula kwa laptopu. Kuna mwanafunzi wa chuo anayemalizia mradi wake kule Kibokoni, kuna karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kuna mwenye duka la kuchapisha karibu na Marikiti ambaye tangu asubuhi hadi magharibi huwajazia watu fomu za eCitizen na marejesho ya ushuru ya KRA. Wote hao wamepata kuuliza swali moja, na kila mmoja amepewa jibu lake. Wa kwanza aliambiwa achomoe waya mara betri ikijaa. Wa pili aliambiwa aiache imalizike kabisa ndipo achaji tena. Wa tatu akaambiwa asijali, aiache kwenye stima mwaka mzima kwani mashine ina akili yake.

Swali si dogo. Betri ikifa, laptopu hugeuka kuwa kompyuta ya mezani: stima ikipotea sekunde moja, kazi imepotea. Na stima hupotea. Mwaka 2023 pekee nchi nzima, au sehemu yake kubwa, iliingia gizani mara tatu: tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Hapo hatujahesabu kukatika kwa kawaida kwa mtaa mmoja mmoja, wala matengenezo ambayo Kenya Power huyatangaza mapema.

Jibu kwa ufupi ni kwamba kuiacha laptopu kwenye stima hakuijazi betri kupita kiasi, na peke yake si kosa. Kinachoizeesha betri ni mambo mawili yakikutana: kukaa imejaa pomoni kwa muda mrefu, na joto. La kwanza unaweza kulizuia kwa dakika tano za kubadilisha mipangilio. La pili linataka uangalifu zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa pwani.

Kinachotokea ndani ya betri

Takriban laptopu zote zinazouzwa leo zina betri ya lithiamu. Aina hii iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na wanasayansi watatu waliochangia kuibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Kabla yake kulikuwa na betri za nikeli na kadimiamu, zile za redio na simu za zamani. Hizo ndizo zilizokuwa na tabia ya kile mafundi walichoita "kumbukumbu": ukizoea kuzichaji kabla hazijaisha, zilionekana kupoteza uwezo. Ushauri wa kuiacha betri imalizike hadi sifuri umetoka huko. Ulikuwa na maana kwa betri za zama hizo. Kwa betri ya lithiamu ni ushauri wa kuidhuru, nasi tungependa uachwe kabisa.

Ndani ya betri ya lithiamu mna pande mbili, na katikati yake mna majimaji. Ukichaji, chembe za lithiamu huhama upande mmoja na kujipenyeza katika upande wa pili. Ukitumia mashine bila stima, chembe hizo hurudi zilikotoka, na safari hiyo ya kurudi ndiyo inayotoa umeme. Kila zinapokwenda na kurudi, chache hunaswa njiani katika utando mwembamba unaoota ndani ya seli, na hizo hazirudi tena kazini. Ndiyo maana betri ya miaka mitatu hudumu saa mbili pale ilipokuwa ikidumu saa tano. Hakuna kilichovunjika. Lithiamu inayoweza kusafiri imepungua tu.

Utando huo huota kwa kasi zaidi katika hali mbili. Kwanza, seli inapokuwa imejaa kabisa. Seli ya kawaida ikijaa hufika volti 4.2 hivi, na katika kiwango hicho kemikali zilizomo ndani hazitulii. Ukiishusha kidogo, ikawa katika asilimia 60 au 70, hutulia. Pili, seli inapokuwa na joto. Kemia ni kama unga wa maandazi uliotiwa hamira: weka jikoni penye joto uone unavyoumuka haraka. Joto huharakisha kila kitu, hata usichokitaka.

Wanaoshughulika na betri wamezoea kunukuu vipimo vifuatavyo vya seli za lithiamu zilizohifadhiwa mwaka mzima bila kutumiwa. Seli iliyowekwa mahali penye nyuzi 25 za Selsiasi, ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa mahali papo hapo lakini imejaa kabisa, hubaki na asilimia 80. Sasa ongeza joto hadi nyuzi 40: yenye chaji ya asilimia 40 hubaki na asilimia 85, na iliyojaa hushuka hadi 65. Takwimu hizi hutofautiana kidogo kwa aina ya seli, lakini mwelekeo wake ni mmoja. Iliyojaa na yenye joto ndiyo inayoumia zaidi, na pengo kati yake na ile iliyotulia ni kubwa mno kupuuzwa.

Kwa hivyo mashine ina akili, lakini akili yake ina mpaka

Wanaosema uiache laptopu kwenye stima kwa kuwa mashine inajua kujizuia hawakosei. Betri ikifika asilimia 100, saketi inayoidhibiti hukata chaji. Kuanzia hapo laptopu hutumia stima moja kwa moja kutoka kwa chaja, na betri hukaa pembeni ikisubiri. Haijazwi kupita kiasi. Ile hofu ya kwamba ukilala umeiacha kwenye chaji itajaa hadi ipasuke haina msingi kwa mashine nzima yenye chaja yake halisi.

Isipokuwa kusubiri huko ndiko kwenye gharama. Betri inasubiri ikiwa imejaa pomoni, tena imelala ubavuni mwa prosesa inayofanya kazi na kutoa joto. Saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki. Mwenye duka wa Marikiti ambaye hachomoi waya kamwe atashangaa baada ya mwaka mmoja au miwili, siku stima itakapopotea na laptopu yake kuzima papo hapo, ilhali betri "haikutumika".

Je, basi achomoe kila ikijaa, atumie hadi ipungue, achomeke tena? Hapo napo pana gharama nyingine. Betri huhesabiwa maisha kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 ya chaji iliyotumika, hata kama imetumika kwa vipande: nusu leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja. Betri nyingi za laptopu hutarajiwa kufanya mizunguko 300 hadi 500 kabla uwezo wake haujashuka hadi karibu asilimia 80. Apple husema betri za MacBook za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa mizunguko 1,000. Chukua betri ya mizunguko 500. Anayeimaliza kila siku ya kazi, siku 300 kwa mwaka, ataifikisha hapo kabla miaka miwili haijaisha. Anayeiacha kwenye stima hatumii mizunguko hiyo. Kwa hiyo kuchomoa na kuchomeka siku nzima kwa nia ya kuilinda betri ni kuitumia bila sababu.

Kati ya hayo mawili, sisi tunasema: iache kwenye stima, lakini iambie isijae.

Kuiambia isijae

Kampuni nyingi za kutengeneza laptopu zimeweka uwezo huu ndani ya mashine, ila hazikuupigia debe, na wauzaji hawaelezi. Ukiuwasha, betri husimama kwenye asilimia 80 au chini yake hata laptopu ikikaa kwenye stima mwezi mzima.

Mwenye Lenovo aitafute programu iitwayo Lenovo Vantage, sehemu ya stima, awashe "Conservation Mode". Kwenye ThinkPad humo humo kuna mahali pa kuchagua kiwango cha kuanza na kiwango cha kuacha kuchaji. Asus huiweka ndani ya programu ya MyASUS kwa jina "Battery Health Charging". Kwa HP za kiofisi, kama EliteBook na ProBook, mpangilio huo mara nyingi uko kwenye BIOS, ule ukurasa unaoingia kwa kubonyeza F10 mashine inapowaka, na jina lake ni "Battery Health Manager". Dell huuweka kwenye BIOS pia, au kwenye programu yake ya kusimamia stima, kwa jina "Primarily AC Use", yaani mashine inayotumika zaidi kwenye umeme. MacBook huja na "Optimized Battery Charging", ambayo husoma mazoea yako na kuchelewesha kujaza. Ikiwa kuingia kwenye BIOS kunakutia wasiwasi, mwombe kijana wa duka la kompyuta akuwekee. Ni kazi ya dakika chache, na hafungui mashine.

Kuna laptopu za bei ya chini na za zamani ambazo hazina mpangilio huo. Mwenye mashine ya namna hiyo asijisumbue na saa. Inatosha kuchomoa waya mara moja au mbili kwa wiki, aitumie hadi asilimia 40 au 30 hivi, kisha airudishe kwenye stima. Asiipeleke hadi sifuri. Betri iliyoisha kabisa na kuachwa hivyo wiki kadhaa, kama laptopu ya shule iliyofungiwa kabatini likizo nzima, inaweza kushuka mno hata isikubali tena kuchajiwa. Laptopu inayokwenda kuhifadhiwa izimwe ikiwa na chaji ya nusu hivi.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Asilimia 80 ni pungufu, na stima ikipotea unataka chaji yote uliyo nayo. Ni kweli, na hapa kila mtu apime hali yake. Kwa laptopu inayokaa dukani, asilimia 80 inatosha kuhifadhi kazi, kumalizia fomu ya mteja na kufunga mashine vizuri. Mwanafunzi mwenye mtihani wa mtandaoni kesho saa mbili asubuhi aondoe kizuizi usiku huo, aijaze hadi 100, kisha akirudishe baada ya mtihani. Betri haidhuriki kwa siku moja ya kujaa. Vivyo hivyo kwa siku ambayo Kenya Power imetangaza matengenezo mtaani kwako. Huduma yao ya *977# hukuwezesha kuripoti kukatika kwa stima kwa simu.

Joto letu

Watengenezaji wengi huandika kwenye vijitabu vyao kwamba laptopu ifanye kazi mahali pasipozidi nyuzi 35. Aliyeandika hivyo hakuwa amekaa Mwembe Tayari mwezi wa Machi. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, joto la mchana kisiwani hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na usiku halishuki sana. Hapo laptopu haina nafasi ya kupumua: hewa inayoivuta kujipoza tayari ina joto, na betri iliyo ndani hupita nyuzi 40 bila kazi kubwa. Kusi likiingia, kuanzia Aprili, hali huwa nafuu, na Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo betri hupumzika.

Wenyeji wa Mji wa Kale wana bahati ambayo wengine hawana. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene, dari za juu na ua wa ndani, zilijengwa na watu walioijua hewa ya bahari. Chumba cha chini cha nyumba kama hiyo hukaa baridi kuliko duka la mabati au fleti ya ghorofa ya juu chini ya slabu iliyopigwa na jua mchana kutwa. Ikiwa una nafasi ya kuchagua pa kuweka meza ya kazi, chagua chumba hicho. Kiyoyozi si lazima. Panka linaloelekezwa mezani linasaidia, kwa sababu huondoa hewa moto inayojikusanya kuzunguka mashine.

Makosa ya kila siku ndiyo yanayoleta joto zaidi kuliko hali ya hewa yenyewe. Laptopu nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini. Ukiiweka juu ya godoro, mto, au mkeka uliotandikwa kitambaa, umeyaziba. Iweke juu ya meza ngumu, au hata ubao wa kukatia mboga ukiwa huna jingine, na uiinue nyuma kidogo. Usiifunge ikiwa bado inafanya kazi na kuitia kwenye mkoba ikiwa kwenye chaji. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gari lililofungwa madirisha kwenye jua la nyuzi 32 linaweza kupita nyuzi 50 ndani ya saa moja, na joto la namna hiyo huizeesha betri kwa kasi zaidi.

Halafu kuna chumvi na vumbi. Hewa ya bahari hubeba unyevu wa chumvi unaoshika vumbi na kulifanya gumu kama udongo kwenye feni ya ndani. Feni ikizibwa, mashine huunguruma na kupata moto hata ukiandika barua tu. Aliye karibu na maji, kuanzia Mzizima hadi Ngome ya Yesu, ampelekee fundi aipulize vumbi angalau mara moja kwa mwaka, mara mbili ikiwa duka liko kandokando ya barabara. Fundi mzuri atabadilisha pia ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipozea joto chake, ambayo hukauka baada ya miaka kadhaa. Chumvi hiyo hiyo hula vidude vya chuma kwenye tundu la chaji. Chaja inayoshika ukiipinda tu na kuachia ukiigusa huchaji kwa kukatakata na kupata moto, na haifai kungojewa.

Stima inayorudi kwa kishindo

Hofu ya wengi ni kwamba stima ikikatika na kurudi itaiunguza betri. Betri yenyewe iko mbali. Stima ya nyumbani ni ya volti 240, chaja huishusha hadi 20 hivi, na chaja halisi hukubali chochote kati ya volti 100 na 240 na zaidi kidogo. Kinachoweza kuungua ni chaja, na pengine saketi ya laptopu inayopokea umeme huo, pale stima inaporudi ikiwa imepanda ghafla. Kifaa cha kulinda friji au televisheni, kile kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kupitisha stima, kinafaa kwa laptopu pia. Usipokuwa nacho, chomoa stima ikipotea, na uchomeke tena baada ya dakika chache ikishatulia. Laptopu yenye betri nzima inakuruhusu kufanya hivyo bila kupoteza neno moja la ulichoandika.

Kuhusu chaja za bei poa, tungependa kusema bila kuzunguka: chaja bandia ni hatari kuliko saa zozote za kuiacha laptopu kwenye stima. Nyingine ni nyepesi mkononi kwa sababu vifaa vya usalama vimeachwa nje. Ukinunua, angalia volti na wati zilizoandikwa zilingane na za chaja iliyokuja na mashine, na utafute alama ya ubora ya KEBS. Kwa bidhaa yenye alama hiyo, unaweza kutuma namba ya kibali iliyo chini ya alama kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukitanguliza herufi SM na alama ya reli, nawe utajibiwa kama kibali ni cha kweli. Usiunganishe chaja, pasi na jagi la kuchemshia maji kwenye ekstensheni moja.

Kabla hujanunua ya mtumba

Laptopu nyingi zinazouzwa mjini ni zile zinazoitwa "ex-UK", zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya baada ya miaka mitatu au minne ya kazi. Ni mashine nzuri kwa bei yake, na hatuna neno nazo. Lakini betri yake ina umri ule ule, na mara nyingi ilikaa mezani imejaa kwenye stima miaka yote hiyo. Usikubali kuonyeshwa tu kwamba inawaka.

Mwombe muuzaji afungue Command Prompt ya Windows, aandike powercfg /batteryreport kisha abonyeze Enter. Mashine itaandika ripoti na kukuambia imeihifadhi wapi. Ifungueni. Humo kuna mistari miwili ya kulinganisha: "Design Capacity", yaani uwezo betri iliyozaliwa nao, na "Full Charge Capacity", uwezo ilio nao leo ikijaa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 38,000, betri imebakiwa na asilimia 76. Chini ya 60, punguza bei kwa gharama ya betri mpya au tafuta nyingine. Kwenye MacBook, hali ya betri iko kwenye mipangilio, sehemu ya betri, na idadi ya mizunguko iko kwenye taarifa za mfumo. Muuzaji anayekataa kukuonyesha haya amekwisha kukujibu.

Kipimo hicho hicho ukifanye kwa laptopu yako mwenyewe kila baada ya miezi sita, uandike namba mahali. Ukiona inashuka kwa kasi wakati wa kaskazi, utajua pa kuangalia.

Betri ikivimba

Hapa ndipo suala la betri linapotoka kwa mtu binafsi na kuwa la mtaa mzima. Betri ya lithiamu iliyochoka, iliyochomwa na joto au kuharibiwa na chaja mbovu hutengeneza gesi ndani na kuvimba. Dalili zake zinaonekana: sehemu ya kusogezea kishale huinuka au hukataa kubonyea, kifuniko hakifungi sawa, kitako cha laptopu kinayumba mezani ilhali zamani kilitulia. Ukiona hivyo, izime, chomoa waya, usiichaji tena, na uipeleke kwa fundi anayeaminika aitoe betri. Usiitoboe ili "itoe hewa". Gesi yake ni sumu, na hewa ikiingia ndani inaweza kushika moto papo hapo.

Moto wa betri ya lithiamu huwaka kwa ukali na huweza kujiwasha tena baada ya kudhaniwa umezimika. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita, na nyumba zake zina boriti za mikoko na milango ya mbao iliyokauka miaka mingi. Kwa hiyo hapa dakika za mwanzo ni za mwenye nyumba na jirani. Zima stima kwenye swichi kuu. Watoe watu kwanza, hasa wazee na watoto walio ghorofani, na mfunge mlango wa chumba chenye moto nyuma yenu. Kwa betri ndogo ya laptopu iliyokwisha tengwa na stima, maji mengi husaidia kuipoza, lakini moshi wake usivutwe: ukishajaa chumbani, usirudi ndani. Piga 999 au 112, na mtu mmoja asimame kwenye barabara kuu awaongoze wazimamoto wasipotee vichochoroni.

Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kuzima moto na kuondoa taka ni kazi za kaunti. Betri iliyotupwa kwenye pipa hugusa kazi hizo mbili kwa pamoja: husagwa ndani ya lori la taka, hupasuka, na huweza kuwasha moto njiani au ikifika jaani Mwakirunge, walipo watu wanaotafuta riziki kwa kuokota. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, na kanuni zilizofuata mwaka 2024 zinawabebesha watengenezaji na waagizaji wa bidhaa jukumu la bidhaa zao zinapokwisha kazi. Betri ya laptopu ina lithiamu, shaba na kobalti, vitu vyenye thamani kwa anayejua kuvichambua. Muulize fundi aliyekubadilishia ataipeleka wapi ile ya zamani. Asipokuwa na jibu, ichukue mwenyewe, bandika utepe wa kuhamia umeme kwenye sehemu za chuma, itie kwenye chombo chenye mchanga mkavu mbali na jua na watoto, hadi utakapoipeleka kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.